Deraya, upanga na mdogo wa miaka 13 katikati ya umati wa tamasha la anime

Swali: Mimi ni binti wa miaka 20, naishi Ligula, Mtwara. Desemba hii nategemea kwenda Dar es Salaam kwenye tamasha la wapenzi wa anime, yaani katuni za Kijapani, na nitakwenda na mdogo wangu wa kiume wa miaka 13. Nimeanza kutengeneza vazi la mhusika mwenye deraya, joho refu na upanga. Navaa hijabu na sitaki kuivua. Umati mkubwa niliowahi kuuona ni wa uwanja wa Nangwanda Sijaona siku ya mechi. Nifanye nini vazi lifike zima, tusibanwe na tusipotezane?

Jibu: Dada, swali lako umelianzia kwenye vazi. Tunaomba uligeuze: anza na umati, vazi lifuate. Picha za mtandaoni hupigwa mtu akiwa peke yake, kivulini, kwa dakika chache. Wewe utakaa ndani ya deraya hiyo saa sita au saba, Dar es Salaam ya Desemba, joto la nyuzi 31 au 32 na unyevu wa pwani juu yake, huku una mtoto wa kumwangalia. Kwa hiyo kila kipande unachokata kiulize maswali matatu: naweza kukaa nacho? Naweza kupita nacho mlangoni bila kugeuka ubavu? Naweza kukivua mwenyewe ndani ya dakika moja? Kipande kinachoshindwa swali hata moja kipunguze, au kibaki Ligula.

Wenye uzoefu mkubwa wa mambo haya ni Wajapani. Comiket ya Tokyo, soko kubwa la vitabu vya katuni vinavyotungwa na mashabiki, ilianza tarehe 21 Desemba 1975 ikiwa na wahudhuriaji wapatao 700. Ile ya Agosti 2019 ilihesabu mahudhurio ya takriban 730,000 kwa siku nne. Kiangazi cha 2013 jasho na pumzi za watu zilijaza ukumbi wa Tokyo Big Sight mpaka ukungu ukaonekana umetanda chini ya paa. Huko hairuhusiwi kufika ukiwa tayari umevaa vazi la mhusika wala kuondoka nalo mwilini. Unakuja na nguo zako za kawaida, unabadilisha kwenye vyumba vilivyotengwa, na jioni unabadilisha tena. Ichukue kanuni hiyo hata kama waandaaji wa Dar hawaidai. Ndani ya daladala au bajaji deraya itavunjika kabla ya kuonekana, na wewe utafika umeshalowa jasho.

Sasa vipimo. Watu wanne wakisimama kwenye mita moja ya mraba, kila mmoja anapata eneo la sentimita 50 kwa 50. Hapo ndipo mwendo unapogeuka kuwa wa kuburuza miguu, na kumbi za matamasha hufikia hali hiyo kwenye milango na mbele ya meza zinazopendwa. Ukiwa na vipande vya mabegani vyenye upana wa sentimita 70 kutoka ncha hadi ncha, umechukua nafasi ya mwenzako, na mwenzako atavigonga tu, hata kama hana nia mbaya. Ishia sentimita 55. Kama mhusika wako ana mabega makubwa na huwezi kuyapunguza, yashike kwa velkro: unayabandua wakati wa kutembea na kuyarudisha wakati wa picha.

Kwa deraya tumia sponji ngumu, ile ya mikeka ya watoto inayounganishwa kwa meno. Unene wa milimita 10 unatosha kifuani, milimita 5 au 6 kwenye mikono na miguu. Mapambo madogo unaweza kuyakata kwenye soli za kandambili kuukuu, maana nyingi zimetengenezwa kwa sponji ya jamii hiyo hiyo. Kisu kiwe kikali na ubadilishe wembe wake mara kwa mara. Wembe butu hauikati sponji, huitafuna, na ukingo uliotafunwa haujifichi hata upakwe rangi mara tano. Kukunja kipande kifuate umbo la mwili unahitaji joto. Kikausha nywele mara nyingi hakifikishi, lakini bloa ya fundi simu inafaa sana. Ipitishe bila kuisimamisha sehemu moja, sponji itang'aa kidogo, ndipo uikunje juu ya paja au chungu na kuishikilia mpaka ipoe. Ikitoa moshi umeichoma.

Kuunganisha, tafuta gundi ya fundi viatu. Paka pande zote mbili, subiri kama dakika 10 hadi ukigusa kwa kidole hainati, kisha bandika kwa uangalifu kwa sababu zikishagusana haziteleziki tena. Fanya kazi hiyo uani, si chumbani, kwani mvuke wake unaumiza kichwa. Usitegemee zile fimbo za gundi zinazoyeyushwa kwa umeme kwenye maungio yanayovutwa. Buti la basi lililoegeshwa juani linakuwa tanuri, gundi ile inalegea, na utafungua mzigo ukute kifua kimeachana na mgongo. Kabla ya rangi, paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, mikono mitatu au minne, kila mkono ukauke kwanza. Usipofanya hivyo sponji itakunywa rangi na kubaki na mabaka, na rangi ya mafuta ikikauka itapasuka mara ya kwanza unapoinama.

Kati ya deraya na mwili iache nafasi ya vidole viwili, toboa matundu chini ya kwapa na mgongoni ambako joho litayaficha, na ndani vaa fulana ya pamba. Beba fulana ya pili. Saa saba mchana utaishukuru. Funga kifua ubavuni kwa velkro upande wa kushoto na kulia. Usikifunge mgongoni. Mtu akiishiwa nguvu hawezi kufikia mgongo wake, na anayekuja kumsaidia hajui ulipofunga.

Joho lako ndilo linalotutia wasiwasi kuliko upanga. Joho linaloburuzika litakanyagwa, na lililofungwa shingoni kwa kamba likikanyagwa linakaba. Pindo liishie juu ya kifundo cha mguu. Mabegani lishike kwa vifungo vya kubana kama vile vya nguo za watoto wachanga, viwili kila bega. Likivutwa kwa nguvu linachomoka lenyewe na shingo yako inabaki salama.

Upanga uutengeneze kwa sponji juu ya bomba la plastiki la nyaya za umeme la milimita 20. Kama urefu ni sentimita 120, likate katikati na kuliunga kwa soketi, upate vipande viwili vya 60 vinavyolala kwenye keria ya basi. Usitie nondo wala mbao ngumu ndani, na ncha iwe butu. Matamasha ya namna hii kwa kawaida yana ukaguzi wa silaha mlangoni; chuma hakipiti, na usipoukubali uamuzi wa mlinzi utabaki nje na tiketi yako mkononi. Ndani ya umati upanga unabebwa wima, ncha chini, karibu na mguu. Anayeubeba begani hugeuka kumwitikia rafiki na kumpiga mtu wa nyuma usoni.

Hapa kuna jambo la kisheria ambalo vijana wengi hawalifikirii. Tanzania hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo, na kusema ni mhusika wa katuni hakukusaidii ukisimamishwa Mbagala. Kama vazi lina kitambaa cha mabaka ya kijeshi, kibadilishe. Bunduki za kuchezea zinazofanana na za kweli ziache kabisa. Upanga wako wa sponji nao usafiri umefungwa kwenye mfuko, usitembee nao barabarani.

Kuhusu hijabu, huhitaji kuivua na huhitaji wigi. Malaysia na Indonesia wamejenga ufundi mzima wa kugeuza mtandio kuwa nywele za mhusika, na unapendeza kuliko wigi nyingi za bei rahisi. Tafuta kitambaa cha jezi ya pamba, kile chenye mvutano kidogo, rangi ya nywele za mhusika wako. Shifoni inateleza na itakusumbua siku nzima. Mita mbili zinatosha. Vaa kwanza kofia ya ndani inayobana. Nywele za mbele zinazoangukia paji la uso zikate kwenye kitambaa hicho hicho, pembetatu ndefu nne au tano za urefu wa sentimita 12 hivi. Zishonee kwenye utepe mmoja na utepe uushonee kwenye ukingo wa kofia, zipishane kama makuti ya paa. Kisha funga mtandio juu yake ukiacha pembetatu zichungulie. Nywele ndefu za mgongoni ni ile ncha ya mtandio unayoiachia, uliyoikata mikanda ya sentimita tatu kuanzia usawa wa bega kwenda chini. Jezi haichomoki nyuzi kwa urahisi, kwa hiyo huhitaji kupinda kingo. Tumia pini zenye kufuli, siyo za sindano tupu, maana katika msongamano pini ya sindano inamchoma wa pembeni au inakuchoma wewe.

Tuje kwenye umati wenyewe. Umesema unaijua Nangwanda Sijaona siku ya mechi. Basi kumbuka pale mlangoni mpira unapoisha: nje ya uwanja kuna nafasi tele, hatari iko pale watu wengi wanapopita mahali pembamba. Katika tamasha mahali hapo ni mlango mkuu wakati wa kufungua, ngazi, na njia kati ya meza za wauzaji. Watu wawili kwa mita ya mraba, unatembea utakavyo. Wanne, unaburuza miguu. Wakifika sita, mwili wako si wako tena: umati unakwenda kama maji, anayesukumwa nyuma anamsukuma wa mbele bila kutaka. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 2022 mjini Seoul, Korea Kusini, watu 159 walipoteza maisha baada ya kubanwa kwenye kichochoro chembamba chenye mteremko wakati wa sherehe za Halloween, wengi wao vijana. Katika mkasa wa namna hiyo kinachoua zaidi ni kifua kubanwa hadi kikashindwa kupanuka, na mtu hufa akiwa bado amesimama.

Dalili ya kuondoka ni hii: wageni wanakugusa mabega yote mawili kwa pamoja na hujaweza kusogea. Usisubiri dalili nyingine. Ondoka kwa mshazari, ukifuata upenyo kati ya watu kuelekea pembeni, na usishindane na mkondo uso kwa uso. Ukishabanwa, inua mikono mbele ya kifua kama bondia, miguu ipishane kidogo, hifadhi pumzi badala ya kupiga kelele. Kitu kikianguka, hata simu, usiiname. Deraya ya sponji usidhani itakukinga. Ikibanwa inakandamiza kifua, na ndiyo sababu tumesisitiza velkro ubavuni. Epuka kusimama karibu na ukuta au uzio, kwani hapo hakuna pa kurudi nyuma.

Mdogo wako kwenye msongamano awe mbele yako, siyo nyuma. Ukimvuta kwa mkono kutoka mbele, mtu mmoja tu akikatiza mmeachana. Akiwa mbele, mikono yako iko mabegani mwake na unamwona. Mvalishe kitu cha rangi moja kali. Kama naye anataka vazi, liwe jepesi lisilofunika uso. Asubuhi mpige picha akiwa amevaa nguo za siku hiyo. Ukimtafuta, mlinzi atasaidiwa na picha kuliko maelezo. Namba yako iandike kwa kalamu ya wino usiofutika mkononi mwake, ndani ya mkono wa shati, na nakala kwenye karatasi mfukoni. Mkifika tu, kabla hamjaangalia kitu chochote, chagueni sehemu mbili za kukutania, moja ndani na moja nje ya geti. Iwe kitu kisichohama kama nguzo, choo au meza ya huduma ya kwanza, siyo banda la muuzaji. Mkubaliane kwamba mkipoteana kila mmoja aende sehemu ya ndani na asubiri, asizunguke kutafuta. Watu wawili wanaotafutana huku wote wanatembea wanaweza kupishana mchana kutwa. Mtandao ukielemewa simu hazitaingia. Tumeni ujumbe mfupi wa kawaida, mara nyingi unapenya. Pawabenki ijazwe tangu usiku.

Foleni ya asubuhi huwa ndefu kwa sababu watu wanakimbilia bidhaa chache na kujiandikisha kwa mashindano ya mavazi. Kama hushindani, usiamke alfajiri kupanga foleni juani. Fika milango ikiwa imeshakaa wazi kwa muda wa saa mbili au tatu, mtaingia mkiwa na nguvu. Kama unashindana, huna budi kuwahi, basi panga foleni ukiwa na nguo za kawaida na mwavuli.

Maji yasimamie kama kazi. Kila mmoja wenu nusu lita kwa kila saa mnayotoa jasho, kwa mafunda ya mara kwa mara, hata kama hamsikii kiu. Wengi hujizuia kunywa kwa sababu vazi linafanya choo kuwa shida, na hao ndio wanaoanguka. Rekebisha vazi, usipunguze maji. Ukishatoka jasho sana, lita moja ya maji safi yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufutwa juu, itarudisha kilichopotea. Dafu nalo ni jema. Kwa chakula una bahati ya kutoka Mtwara. Korosho za kukaanga hazivuji, haziharibiki na joto, na konzi mbili zinakuvusha hadi saa tisa. Kila baada ya saa moja na nusu vua kifua na mabega, kaa kivulini dakika 15.

Mtu akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kukaza, siku yake ya vazi imekwisha: avue, alale, anywe. Akichanganyikiwa, akazungumza yasiyoeleweka au kuzimia huku mwili unawaka, hiyo ni dharura ya kuua. Mvueni, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni bila kuacha, barafu iwekwe shingoni, kwapani na kwenye mapaja ya ndani, huku mwingine anaita huduma ya kwanza au kupiga 112. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Picha na manunuzi hayahitaji maneno mengi. Anayetaka kukupiga picha akuombe, nawe una haki ya kukataa. Kuvaa vazi si ruhusa ya kushikwa wala kukumbatiwa. Anayetaka kumpiga picha mdogo wako aje kwako kwanza. Picha zipigwe pembeni, maana mtu mmoja akisimama katikati ya njia na wapiga picha watatu mbele yake, nyuma kunajaa ndani ya dakika moja. Uwe na noti ndogo ndogo, kwa sababu malipo ya simu hugoma pale mtandao unapoelemewa. Michoro utakayonunua uikunje ndani ya kipande cha bomba la maji chenye vifuniko. Ukiibeba mkononi itafika Ligula imekuwa makunyanzi.

Safari ni kama kilomita 560, siku nzima ndani ya basi. Fika Dar siku mbili kabla, siyo usiku wa kuamkia tamasha. Desemba mvua za kusini zinaanza, na barabara hii unaijua: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata kule Somanga na magari yakakwama. Vipande vya deraya vipange kimoja ndani ya kingine kama mabakuli, katikati weka kanga na fulana, kifua kiwe cha nje, na uombe mzigo ukae juu ya mingine. Beba sindano, uzi, velkro ya akiba na kopo dogo la gundi lililofungwa vizuri ndani ya mfuko. Mabasi ya kusini yanaingia Dar kwa barabara ya Kilwa, kwa hiyo kama mna ndugu Mbagala au Temeke, mwombeni mlale kwao. Mwambieni mwenyeji na mama nyumbani tamasha liko wapi na mtarudi saa ngapi.

Wiki mbili kabla ya safari fanya jaribio. Saa nane mchana, jua likiwa kali, vaa kila kitu isipokuwa upanga, mchukue mdogo wako, mtembee kutoka Ligula hadi ufukwe wa Shangani na kurudi. Kaeni chini mara mbili, ingieni dukani mara moja. Mkifika nyumbani mpe mdogo wako simu ahesabu sekunde, nawe uvue deraya peke yako. Zikizidi 60, siku 14 zinatosha kubadilisha vifungo.